Utangulizi: Shira ya Mwisho wa Msimu

Mpishi wa kaimati anaijua shira vizuri: sukari na maji motoni, ukiinua mwiko uzi unafuatana nao, na ukizidisha dakika chache sufuria nzima inageuka chengachenga. Shira ya kitabu hiki haitoki kwenye mfuko wa sukari. Inagemwa mtini kama tembo la mnazi, ila mti wenyewe ni mepo, na mgema wake huingia kazini theluji ikiwa bado imelala chini, mashariki mwa Kanada na kaskazini-mashariki mwa Marekani. Jimbo la Quebec peke yake hutoa zaidi ya nusu ya shira ya mepo inayopikwa duniani. Upande wa Marekani anayeongoza ni Vermont. Katika miji yake ya Burlington na Winooski wanaishi wasemaji wa Kiswahili waliotoka Kongo, na chupa hizi wanazikuta madukani. Huenda wewe ni mmoja wao.

Kazi hii waliianza wenyeji wa misitu ile, Waanishinaabe na Waabenaki miongoni mwao, kabla Mzungu hajafika. Utomvu hutiririka pale usiku unapogandisha na mchana unapoyeyusha, kuanzia kama mwishoni mwa Februari hadi Aprili. Unapotoka mtini ni mwepesi kama maji, sukari yake kiasi cha asilimia 2, kwa hiyo lita 40 za utomvu huishia kuwa lita 1 ya shira. Huchemshwa mpaka sukari ifike asilimia 66 na ushei, na joto lipite kiwango cha kuchemka kwa maji kwa nyuzi 4 za Selsiasi hivi.

Utomvu wa mwanzo, wa siku za baridi kali, hutoa shira ya rangi ya dhahabu. Siku zikipata joto, vijidudu huzaliana katika mipira na matangi na kuivunja sehemu ya sukari ya mti iwe glukosi na fruktosi. Sukari hizo mbili, zikikutana motoni na protini chache za utomvu, hugeuka rangi upesi na kuzaa ladha nzito, ya kukaangwa, inayokaribia ile ya sukari guru. Ndiyo maana shira ya Aprili kwa kawaida ni nyeusi kuliko ya Machi.

Kwa miaka mingi weusi huo ulihesabiwa kuwa upungufu. Familia zilizopika sukari ya mepo badala ya kununua ya miwa zilitaka kitu cheupe, kisicho na ladha yake chenyewe, na madaraja yakarithi mapenzi hayo. Nyeupe ilipewa jina la heshima, nyeusi ikapewa herufi B, mithili ya mtoto aliyeshindwa mtihani. Hilo naliona ni kosa, na nimefurahi kwamba limerekebishwa. Vermont ilibadili kanuni zake mwaka 2014, serikali kuu ya Marekani ikafuata 2015. Leo zote nne, ya dhahabu, ya kahawia, nyeusi na nyeusi sana, zimo katika daraja A, na kila jina la rangi limeambatana na jina la ladha: laini, iliyokolea, nzito, kali.

Kipimo chenyewe ni mwanga. Shira ikipitisha asilimia 75 au zaidi ya mwanga ni ya dhahabu. 50 kwenda juu ni ya kahawia. 25 kwenda juu ni nyeusi. Chini ya hapo ni nyeusi sana. Mpikaji mdogo hutumia vichupa vya rangi za mfano: huisimamisha shira yake katikati, akaviinua vyote kwenye mwanga wa dirisha na kulinganisha.

Lakini mwanga haunusi. Miti inapojaza matumba, utomvu hubadilika ndani kwa ndani, na shira yake hupata ladha mbaya inayoitwa kwa jina la matumba hayo. Mwanzoni utadhani ni peremende ya chokoleti. Ikikolea, ni kabichi iliyochemshwa. Shira ya namna hiyo yaweza kupita kipimo cha rangi bila tatizo. Ulimi na pua ndivyo vinavyoikamata, na ndiyo sababu sura nyingi za kitabu hiki zinahusu kuonja.

Hapa ndipo biashara inapogawanyika. Nyeusi sana yenye ladha safi huingia chupani, na wapishi wa maharage ya kuoka na nyama za kubanika huitafuta kwa jina. Yenye ladha ya matumba haiuzwi rejareja. Huenda kwa mapipa, kwa bei ya chini, kwenye viwanda vinavyoichanganya na vitu vingine. Mwenye pipa moja la harufu hiyo akilimimina kwenye tangi la shira nzuri ili lipotee humo, amelipoteza tangi zima.

Kwa hiyo mpikaji mzoefu wa Aprili hangoji kuonja. Husimama juu ya karai pana, uso ndani ya mvuke, akinusa. Siku mvuke ukija na kile kiharufu cha peremende, anazima moto, anamwaga utomvu uliobaki tangini, na kesho yake anapanda msituni kuchomoa mirija ya kugemea.