Kioo Cheusi Baada ya Kuweka Kadi Mpya

"Kadi imekufa hii, kaka," fundi aliniambia, akaanza kunitajia bei ya nyingine. Ilikuwa likizo, Same mjini, saa nane mchana, jua kali. Mdogo wangu kakaa pembeni, kimya. Kadi yenyewe ilikuwa GTX 1050 Ti ya mtumba. Niliinunua Dar kwa kipande cha boom, na muuzaji alinipa siku tatu tu za kurudisha. Moja ilishaliwa na basi.

Nikamuuliza fundi amejuaje kwamba imekufa. Jibu lake lilikuwa na mantiki: ukiipachika, kioo kinakuwa cheusi, ukiichomoa, picha inarudi. Nilikaribia kukubali. Lakini kompyuta nyingi za ofisini, hizi za mtumba tunazozigeuza za gemu hosteli nzima, zina tabia moja. Ukipachika kadi, tundu la picha lililoko kwenye mazabodi linajizima, maana mashine imeikabidhi kadi kazi hiyo. Waya ukiuacha pale pale, utaona giza hata kadi ikiwa mpya ya dukani. Kwa hiyo kabla hujalaumu kitu, zunguka nyuma ya mashine. Matundu ya kadi yako peke yake, chini kidogo ya yale ya kipanya na kibodi. Hamishia waya huko. Usicheke, hili peke yake linatibu kesi nyingi.

Sisi waya tulishahamisha. Shida ilikuwa monita: ya zamani, ina tundu la VGA tu. VGA inasafirisha picha kama umeme unaopanda na kushuka, wakati HDMI, DisplayPort na DVI-D zinasafirisha tarakimu. Kuanzia kizazi cha GTX 10, kilichotoka mwaka 2016, tundu la DVI la kadi hizi halitoi tena picha ya VGA. Fundi alikuwa ametumia kile kiunganishi kidogo cha DVI kwenda VGA. Nikakichomoa nikakitazama: kando ya ule ubapa wa chuma panatakiwa kuwa na vipini vinne, na vyote vilikuwa vimekatwa. Alivikata kwa sababu tundu la kadi halina nafasi yake, kiunganishi kilikuwa hakiingii. Kumbe rangi nyekundu, kijani na bluu za VGA hupita kwenye vipini hivyo hivyo! Yaani alikata picha yenyewe, halafu akaitafuta. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Kadi za zamani kiunganishi hicho kiliingia bila kulazimishwa.

Tukabeba mashine hadi kwa shangazi. Alikubali tutumie televisheni yake ya sebuleni, mradi tuwe tumeondoka kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili. Waya wa HDMI kutoka kwenye kadi, tukawasha, picha hiyo hapo. Kadi nzima. Hicho ndicho kipimo ningekushauri ukifanye kabla hujatoa hata mia mbili: tafuta kioo chochote chenye HDMI, cha jirani, cha kanisani, popote.

Kilichobaki ni kununua kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, kile chenye saketi ndani. Angalia upande wake vizuri, maana cha VGA kwenda HDMI kinafanana nacho, na hakifanyi kazi kinyumenyume.

Je, kama hata kwenye televisheni pangekuwa giza? Hapo ningeangalia umeme. Kadi kama 1050 Ti nyingi zinatosheka na wati 75 zinazotoka kwenye tundu lake. Kubwa zaidi zina mdomo wa pini 6 au 8 juu yake. Wa 6 unaongeza wati 75, wa 8 unaongeza 150. Ukiuacha mtupu, feni inaweza kuzunguka vizuri tu na picha usiione. Na pawa saplai ya kompyuta ya ofisini mara nyingi haina hata waya huo, hivyo uliza kabla ya kununua kadi.

Baada ya hapo, vumbi. Same iko upande ambao milima ya Pare inauzibia mvua, na vumbi linaingia kila mahali. Chomoa mashine ukutani, toa kadi na ramu, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, rudisha mpaka usikie klipu imeshika. Kama ulibadilisha prosesa pia, soma jina lake: za Intel zinazoishia na F hazina picha ya ndani, kwa hiyo bila kadi usitegemee kuona kitu.

Kwetu, kigeuzi kilipofika picha ilikuja, ila ilikuwa kubwa na ya ukungu. Hilo lisikutishe. Windows ilikuwa bado inatumia draiva ya kuanzia; tulipoweka ya kadi yenyewe maandishi yakanyooka.

Siku ya tatu jioni muuzaji akapiga kuuliza kama narudisha. Sikumsikia vizuri, dogo alikuwa kafunga goli.