Mizinga ya Unguja, 1914: Magazeti Yalisema Nini, na Yalinyamaza Wapi

Katika nyumba nyingi za watu wetu huko Maskati, Dubai na Doha imo hadithi ya bibi au babu aliyesikia mizinga ikilia bandarini Unguja. Ukiuliza ni vita gani, mmoja atakwambia ni vya Sayyid Khalid, mwingine atasema ni vya Mjerumani. Hivyo ni vita viwili, na mara nyingi huchanganywa. Mizinga ya wakati wa Sayyid Khalid bin Barghash ililia tarehe 27 Agosti 1896, na haikufika hata saa moja. Mizinga ya Mjerumani ililia alfajiri ya Jumapili, 20 Septemba 1914. Kati yake imepita miaka 18, kwa hiyo kama umri wa mzee wenu ulihesabiwa kwa "mwaka wa mizinga", ni muhimu kujua ni mizinga ipi.

Hapa nitaeleza ile ya pili, nikiifuata kwa magazeti ya wakati wake. Nilikuwa karani maisha yangu yote ya kazi, na karani hujifunza mapema kwamba kila barua ina tarehe mbili: ya siku iliyoandikwa na ya mhuri wa siku iliyopokelewa. Gazeti la wakati wa vita lisomwe vivyo hivyo. Tazama jambo lilitokea lini, lilichapishwa lini, na nani aliliruhusu lichapishwe.

Vita vilianzia upande wenu

Uingereza iliingia vitani na Ujerumani tarehe 4 Agosti 1914. Manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, ilikuwa imekwisha kutoka Dar es Salaam tangu 31 Julai. Tarehe 6 Agosti iliikamata meli ya biashara ya Kiingereza, City of Winchester, iliyobeba chai kutoka Ceylon. Ikapelekwa kwenye visiwa vya Khuriya Muriya, pwani ya Dhofar, ikanyang'anywa makaa yake, kisha ikazamishwa. Visiwa hivyo wakati ule vilikuwa mikononi mwa Waingereza tangu mwaka 1854, na vilirudi Oman mwaka 1967. Kwa hiyo vita vya baharini vilifika maji ya Oman kabla ya kufika Unguja.

Siku hizo hizo, tarehe 8 Agosti, manowari ya Kiingereza Astraea iliipiga Dar es Salaam kwa sababu ya mnara wa simu ya upepo. Wajerumani, wakiogopa adui asiingie bandarini, wakazamisha wenyewe chelezo chao kinachoelea, kile cha kutengenezea meli, kwenye mlango wa bandari. Meli yao ndogo ya kupima bahari, Möwe, nayo wakaizamisha kwa mikono yao. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

Alfajiri ya 20 Septemba

Manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa imetia nanga mbele ya mji wa Unguja. Ilikuwa meli kuukuu, imeshushwa majini mwaka 1897, na siku ile boila na mitambo yake ilikuwa ikishughulikiwa na mafundi, haikuweza kwenda popote. Ilikuwa na mizinga minane. Kiasi cha saa kumi na moja na nusu alfajiri Königsberg ikatokea na mizinga yake kumi, ikapiga kutoka mbali ambako makombora ya Pegasus hayakufika. Kabla ya hapo ilikuwa imeipiga Helmuth, meli ndogo ya doria iliyokuwa ikilinda mlango. Shambulio halikuchukua muda mrefu. Königsberg ikageuka ikaenda zake, na baadaye siku ile Pegasus ikazama.

Magazeti yalisema nini

Waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Unguja tangu mwaka 1879, kwa hiyo London ilipata habari siku ile ile. Wizara ya Jeshi la Maji ikatoa taarifa, na kuanzia siku iliyofuata magazeti ya Uingereza, India, Australia na New Zealand yakaichapisha karibu neno kwa neno. Hapa ndipo wengi hukosea, wakiona magazeti 20 yanasema jambo moja wakadhani wana mashahidi 20. Shahidi ni mmoja, naye ni ofisi iliyotoa taarifa.

Tuipime taarifa hiyo kwa mambo matatu.

La kwanza, ilisema kwamba Pegasus ilikuwa imeiangamiza Dar es Salaam, ikazamisha Möwe na kile chelezo. Tumekwisha kuona kwamba vyote viwili vilizamishwa na wenyewe. Na Dar es Salaam haikuangamia, bali ilibaki ya Wajerumani mpaka ilipotekwa tarehe 4 Septemba 1916. Habari ya hasara ilitanguliziwa habari ya ushindi ili uchungu upungue.

La pili, ilitaja waliokufa 25 na waliojeruhiwa 80, katika mabaharia 234. Hapa sioni udanganyifu, ni hesabu ya haraka ya siku ya kwanza. Majeruhi wengine walikufa baadaye, na idadi ya waliokufa ikapita 30. Kwa hiyo hesabu ya gazeti la kesho yake usiifanye ya mwisho.

La tatu ni bendera. Taarifa ilisema bendera ya Uingereza iliangushwa mara mbili kwa mizinga, na askari wawili wakaishika juu kwa mikono. Kisa hiki nilisomeshwa katika shule ya misheni, na mwalimu alikisimulia kama somo la ushujaa. Lakini Wajerumani walisema waliona bendera nyeupe ya kusalimu amri, na maelezo ya baadaye ya upande wa Waingereza yanaitaja pia. Huenda yote mawili yalitokea katika vurugu ile. Taarifa ilichagua moja ikanyamazia la pili.

Kwa nini habari ilizimika haraka

Tarehe 22 Septemba, siku mbili tu baadaye, nyambizi moja ya Kijerumani ilizamisha manowari tatu za Kiingereza, Aboukir, Hogue na Cressy, katika Bahari ya Kaskazini. Walikufa watu 1,459. Siku hiyo hiyo manowari Emden ikaupiga mji wa Madras. Unguja ikasukumwa kurasa za ndani. Na Königsberg? Iligunduliwa imejificha katika delta ya Rufiji tarehe 30 Oktoba, lakini London haikutangaza mpaka 10 Novemba. Iliharibiwa huko huko tarehe 11 Julai 1915.

Waliokosekana

Taarifa ya London haikuwataja watu wa mji hata kwa mstari mmoja. Wachukuzi, wavuvi, mama waliokimbia na watoto, wenye maduka, hawamo. Magazeti ya Kiswahili ya wakati ule, kama Kiongozi la Tanga na Pwani na Bara la Waprotestanti, yalikuwa upande wa utawala wa Kijerumani, na Mambo Leo halikuanza mpaka mwaka 1923. Unguja gazeti la serikali, Zanzibar Gazette, lilikuwa la Kiingereza. Kwa hiyo upande wetu wa habari hii haumo magazetini. Umo midomoni mwa familia, na kila mzee akiondoka unapungua.

Namna ya kutafuta mwenyewe

Mimi niko Hallonbergen, nje kidogo ya Stockholm, na treni ya chini ya ardhi inanifikisha mjini karibu na Maktaba ya Kifalme. Sweden haikuwa upande wowote katika vita ile, ndiyo maana magazeti yake yalichapa simu za London na za Berlin pia, na hilo husaidia kulinganisha. Lakini huhitaji kusafiri. Magazeti ya zamani ya Australia yako bure kwenye Trove, ya New Zealand kwenye Papers Past, ya Singapore kwenye NewspaperSG. Andika Pegasus pamoja na Zanzibar, uweke Septemba na Oktoba 1914. Jaribu pia Konigsberg na Koenigsberg, na Dar-es-Salaam yenye vistari, maana waliandika kwa namna nyingi.

Anayekwenda Unguja atawakuta baadhi ya mabaharia wa Pegasus katika makaburi ya kisiwa cha Chapwani. Anayepita Mombasa atauona mzinga wa Pegasus na wa Königsberg mbele ya Fort Jesus, maadui wawili wakae pamoja.

Ukimaliza, kaa na mkubwa wa nyumba yenu, umwulize mzee wake alikuwa mtaa gani siku ile, alikimbilia wapi, nani alikuwa naye. Andika kama anavyosema, usimsahihishe. Kisha weka chini tarehe mbili: ya tukio, na ya siku uliyosimuliwa.