Je, Wajua? Shujaa Aliyenyimwa Mbio

Mashujaa wa ajabu si wageni Kipini, mdomoni mwa Mto Tana, ambako simulizi huliweka kaburi la Fumo Liyongo, asiyeuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Lakini je, wajua kwamba shujaa wa gemu ya Diablo, ya miaka ya 1990, hakuweza kukimbia? Alijikokota tu, hata mjini Tristram pasipo na adui wa kumfukuza.

Diablo II, iliyotoka Juni 2000, ilimpa mbio, japo pumzi humwishia njiani. Wahusika wa kuchagua wakawa 5 badala ya 3. Ila utamu wenyewe, kwangu mimi, uko kwenye ujuzi. Awali hata mpiga upanga alisoma kitabu akajua uchawi. Sasa kila mhusika ana mbinu 30 zake peke yake, na mwanzoni, ukikosea kugawa pointi, ilikuwa shauri yako! Likaja pia sanduku la kuhifadhia mali. Kabla ya hapo, dhahabu ilipojaa mkobani, wachezaji waliimwaga chini mjini, rundo kwa rundo, na kwa aliyecheza peke yake, wala hapakuwa na mwizi.