Kishikwambi Kilichozimiwa Huduma za Mfumo: Namna ya Kukirejesha Bila Kupoteza Kumbukumbu

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa walimu nchini, wakiwamo wa mikoa ya Shinyanga na Geita. Kifaa hiki, kiwe cha umma au kilichonunuliwa dukani Kahama au Katoro, hutunza alama za wanafunzi, hesabu za biashara na picha za familia. Siku kinapogoma, hasara inayoogopwa zaidi si bei yake, bali ni yaliyomo ndani yake.

Wakati mwingine chanzo cha mgomo huo ni mtumiaji mwenyewe. Nafasi inapojaa au kifurushi cha intaneti kinapoisha mapema, huingia kwenye Mipangilio, akakuta programu nyingi ambazo hakuziweka yeye, akazizima moja baada ya nyingine. Baadhi hazina madhara zikizimwa. Nyingine hutegemewa na kifaa kizima. Huduma za Google Play zikizimwa, programu nyingi hushindwa kufanya kazi au kupokea arifa. Kibodi ikizimwa, mtumiaji hukosa pa kuandikia hata nywila yake.

Kuzima si kufuta. Katika vishikwambi vya Android, programu ya mfumo iliyozimwa hubaki ndani ya kifaa ikisubiri kuwashwa, na nyaraka na picha zako hubaki mahali pake. Kinachoziangamiza ni haraka ya kukirudisha kifaa katika hali ya kiwandani. Kwa hiyo, fuata hatua zifuatazo kwa mpangilio, na usiruke. Majina ya vitufe hutofautiana kidogo kati ya chapa moja na nyingine.

Hatua ya 1: Zima kifaa, kisha ukiwashe upya. Huduma iliyosimamishwa kwa muda kwa kawaida hurejea yenyewe. Iliyozimwa kabisa hairejei kwa njia hii.

Hatua ya 2: Fungua Mipangilio, kisha Programu. Chagua kuona programu zote, pamoja na zile za mfumo. Tafuta zilizoandikwa kuwa zimezimwa, gusa kila moja na ubonyeze Washa. Ikiwa skrini ya mwanzo haifunguki, jaribu kuvuta pazia la arifa kutoka juu na kugusa alama ya gurudumu la meno ili kufikia Mipangilio.

Hatua ya 3: Kama hukumbuki ulichozima, tafuta katika ukurasa wa Programu chaguo la kuweka upya mapendeleo ya programu. Chaguo hili huwasha programu zote zilizozimwa bila kufuta data. Hata hivyo, baadhi ya ruhusa na chaguo zako za awali zitahitaji kupangwa tena.

Hatua ya 4: Ikiwa kibodi ndiyo iliyozimwa, unganisha kibodi ya kompyuta kwa kiunganishi cha USB kinachokubaliwa na kifaa chako, uandike nywila, kisha urudie hatua ya 2.

Hatua ya 5: Kifaa kikiendelea kusumbua, kiwashe katika hali salama. Katika vifaa vingi, hufanywa kwa kubonyeza kitufe cha kuwashia, kisha kushikilia kwa muda neno la kuzima linalotokea kwenye skrini. Kikifanya kazi vizuri humo, yaelekea tatizo ni programu uliyoiongeza mwenyewe, iondoe.

Hatua ya mwisho ni kukirudisha kifaa katika hali ya kiwandani, nayo hufuta kila kitu kilichomo. Nakili kwanza nyaraka zako kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu, na uhakikishe unakumbuka barua pepe na nywila ya akaunti ya Google iliyomo. Tangu Android 5.1, kifaa chenye ulinzi huu kikifutwa bila kupitia Mipangilio huidai akaunti hiyo, na asiyeikumbuka hufungiwa nje. Kama kishikwambi ni mali ya umma, usichukue hatua hii kabla ya kupata idhini ya mkuu wako wa kazi.

Ukilazimika kumpelekea fundi, toa laini na kadi ya kumbukumbu kwanza. Usimpe namba ya siri ya pesa za simu. Kubalianeni kwa maandishi gharama, kazi itakayofanyika, na kwamba hatafuta chochote bila ridhaa yako. Kisha dai risiti. Taarifa zako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kifaa chenye waranti kirejeshe kwa muuzaji kabla hakijafunguliwa na mtu mwingine.

Ili kuepuka usumbufu huu, unapotaka nafasi ondoa kwanza programu ulizoziweka mwenyewe na uhamishe video kubwa. Unapotaka kuokoa kifurushi, zuia matumizi ya data ya chinichini kwa programu husika badala ya kuizima. Usiguse huduma usiyoijua kazi yake. Ukiamua kuizima, andika jina lake kwenye karatasi, ili uweze kuitafuta na kuiwasha tena ikihitajika.