Muhuri Unaookoa Ritani ya Kodi

Nchini Marekani, ritani ya kodi ya mapato inayojazwa kwenye karatasi, yaani Fomu 1040, kwa kawaida mwisho wake ni Aprili 15. Bahasha yenye anwani sahihi na stempu za kutosha ikigongwa muhuri wa posta siku hiyo, sheria huihesabu kuwa imewahi, hata ikifika wiki moja baadaye.

Anayeitumbukiza kwenye sanduku la barabarani jioni ya mwisho anajiweka pabaya. Huenda gari la posta limeshapita, na mashine ya kuchambulia barua ikaja kuigonga tarehe ya kesho yake.

Njia ya uhakika ni kwenda kaunta na kutuma kwa barua iliyothibitishwa. Karani hubandika kibandiko chenye namba kwenye bahasha, kisha hugonga muhuri wa tarehe kwenye kipande cha risiti anachobaki nacho mtumaji. Kikaratasi hicho ndicho ushahidi wake mbele ya mamlaka ya kodi, IRS. Kitunzwe pamoja na nakala ya ritani. Barua ya rejista nayo inakubalika, ila gharama yake ni kubwa zaidi.

DHL, FedEx na UPS pia zinaruhusiwa, lakini kwa huduma zilizo kwenye orodha ya IRS tu. Tena hazifikishi mzigo kwenye sanduku la posta, hivyo hutumia anwani ya mtaa.

Na kabla ya kufunga bahasha, saini! Wanandoa wanaowasilisha kwa pamoja hutia saini wote wawili.