Sura ya Tano: Nambari Hiyo Imepima Njia Ipi?

Ugomvi mwingi kati ya mteja na mwenye Wi-Fi ya mtaa huanzia kwenye hesabu. Mkazi wa Muthurwa, Nairobi, ameuziwa laini ya 10 Mbps. Anapakua filamu ya megabaiti 700, anaona inaingia kwa 1.2 kila sekunde, na papo hapo anaamini ameibiwa. Hajaibiwa. Laini huuzwa kwa megabiti, faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Gawanya 10 kwa 8 upate 1.25; filamu itachukua dakika tisa na ushei, mambo yakienda sawa. Wauzaji huipenda megabiti kwa sababu nambari yake hunona, ingawa kwa haki wahandisi walikuwa wakihesabu hivyo kabla hakujawa na cha kuuza.

Hesabu ikinyooka, linabaki swali zito zaidi: programu ya kupima kasi ilipima nini hasa? Ukibonyeza kitufe cha Speedtest, simu huitafuta seva, kwa kawaida iliyo karibu. Huirushia data kidogo ili kuona inachukua milisekunde ngapi kwenda na kurudi, kisha huvuta data kwa nguvu zote kwa sekunde kadhaa, halafu huisukuma upande wa pili. Zinatoka nambari tatu: kuchelewa, kupakua na kupakia. Watu wengi husoma ya kupakua peke yake, ilhali anayeongea kwa video na dadake aliyeko Doha huumizwa zaidi na hizo nyingine mbili.

Njia kutoka simu hadi seva ina vipande, na kila kipande kinaweza kuwa ndicho kigonjwa. Cha kwanza kiko chumbani mwako. Muthurwa ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, safu kwa safu, na katika mtaa uliobanana hivyo simu yako husikia ruta za majirani karibu sawa na yako. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri, lakini yana chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Ruta nyingi zikirundikana kwenye chaneli moja, zinakuwa kama wachuuzi wa soko la Muthurwa wanaotangaza bei kwa pamoja. Kila mmoja hulazimika kungoja mwenzake anyamaze. Gigahezi 5 ina nafasi zaidi ila ukuta huichosha haraka. Kwa hiyo pima kwanza kwa kompyuta iliyounganishwa na ruta kwa waya, kisha upime kwa Wi-Fi ukiwa palepale. Waya ukitoa 10 na Wi-Fi ikatoa 3, usimpigie mtu simu. Hamisha ruta, au badilisha chaneli.

Kipande cha pili ni cha kugawana. Katika mitaa ya Eastlands ya Nairobi, wengi hupata intaneti kwa mtoa huduma mdogo ambaye naye ameinunua kwa mkubwa, akaisambaza kwa nyaya za paa hadi paa au akaiuza kwa saa, kwa bob chache. Hata faiba ya kampuni kubwa hugawanywa: katika mfumo wa GPON, gigabiti 2.5 zinazoteremka huweza kugawiwa nyumba 32 au 64. Pima saa nne asubuhi, halafu saa tatu usiku watu wakiwa wamerudi kutoka kazini. Pengo kati ya vipimo hivyo ndilo linaloonyesha mwenye huduma ameuza kiasi gani zaidi ya alichonacho. Simu moja ikipata 3 ikiwa peke yake, jaribu pia simu mbili kwa wakati mmoja. Kila moja ikipata 3, kuna kikomo kwa kila simu. Zikigawana 3 hiyo, kikomo ni cha laini nzima.

Kipande cha mwisho, kutoka kwa mtoa huduma hadi seva yenyewe, ndicho husahaulika. Zamani barua pepe ya kutoka Nairobi kwenda Nairobi ilipanda setilaiti, ikazunguka ng'ambo, ndipo ikarudi. Kituo cha KIXP kilianzishwa mwaka 2000 ili watoa huduma wabadilishane data humu humu nchini. Mdhibiti wa mawasiliano akakifunga baada ya Telkom Kenya kulalamika, kikafunguliwa tena 2002. Leo seva ya kupimia iliyoko Nairobi inaweza kujibu kwa milisekunde chache, lakini tovuti iliyohifadhiwa Ulaya itachukua zaidi ya 100, kwa kuwa mwanga ndani ya faiba hauzidi sana kilomita 200,000 kwa sekunde. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa kusini, intaneti ilidorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Seva ya karibu haiwezi kuonyesha balaa la namna hiyo, kwa sababu data yake haifiki baharini.

Ndiyo maana ni vizuri kuchagua seva mwenyewe: moja ya Nairobi, nyingine ya London au Marseille. Ongeza Fast.com, iliyotolewa na Netflix mwaka 2016. Hupakua kutoka seva zilezile za filamu, hivyo mtoa huduma akiibana Netflix huku akiiachia Speedtest, utaona tofauti. Ukimpigia fundi, mtajie saa uliyopima, seva uliyotumia, na kama ulikuwa kwa waya. Maneno "net iko chini" atayajibu kwa kukuambia uzime ruta na uiwashe tena.