Simu ya Kuazima: Wasichana, Wavulana na Akili Unde Masisi

Mwamko wa vijana kuhusu usalama mtandaoni kwa kawaida hupimwa kwa kuwauliza kama wanajua kubadilisha nywila, yaani neno la siri, au kuzuia akaunti ya mtu wasiyemfahamu. Kipimo hicho humchukulia kila kijana kuwa na simu yake mwenyewe, jambo ambalo katika vijiji vya milimani kama Nyamitaba, teritwari ya Masisi, jimbo la Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, si la kudhaniwa hivi hivi. Kwa ripoti ya mwaka 2024 ya GSMA, muungano wa kampuni za simu duniani, uwezekano wa mwanamke wa Afrika kusini mwa Sahara kutumia intaneti ya simu ulikuwa pungufu kwa asilimia 32 kuliko wa mwanamume. Na ingawa hesabu hiyo ni ya watu wazima, simu ya nyumbani ikiwa ya baba au ya kaka, binti hubaki mwazimaji. Mwazimaji hujifunza mapema kufuta kila alama kabla ya kuirudisha, kwa kuwa anayemwogopa kwanza ni mwenye simu, si mgeni aliye upande wa pili wa mtandao.

Tabia hiyo hukutana vibaya na akili unde, yaani programu zilizofunzwa kwa maandishi na picha nyingi mno hadi zikaweza kutunga jibu, sauti au sura mpya. Msichana anayeiuliza programu juu ya hedhi au mimba, maswali asiyoweza kumpelekea shangazi, huenda akafuta mazungumzo kwenye kioo, ilhali nakala yaweza kubaki kwa muda katika hifadhi za kampuni. Masharti ya ChatGPT, mojawapo ya programu hizo, humtaka mtumiaji wa miaka 13 hadi 17 awe na idhini ya mzazi, lakini akaunti ikiwa ya kaka, idhini hiyo haiulizwi na yeyote.

Hatari ya picha ni nzito zaidi. Huko Almendralejo, Hispania, mwaka 2023, wavulana walizipitisha picha za kawaida za wasichana zaidi ya 20 katika programu iliyowavua nguo kwa kubuni, na mwaka uliofuata mahakama ya watoto ya Badajoz ikawatia hatiani vijana 15. Wasichana hao hawakuwa wametuma picha yoyote ya aibu, hivyo onyo la zamani la “usitume picha” lisingewaokoa. Aliyehitaji kufundishwa alikuwa mvulana, ambaye somo la usalama humpita kana kwamba halimhusu. Naye hana kinga: FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, imeonya kuwa ulaghai wa kudai fedha kwa tishio la kusambaza picha za utupu huwalenga hasa wavulana wa miaka 14 hadi 17, na mvulana aliyelelewa kuona kilio kuwa udhaifu hunyamaza.

Kongo ina Kanuni ya Dijitali iliyotiwa saini tarehe 13 Machi 2023, ambayo huadhibu picha za ngono za watoto. Hata hivyo, tangu Goma, mji mkuu wa jimbo hilo la Kivu Kaskazini, ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, njia ya mkazi wa Masisi kuzifikia mahakama za serikali imevurugika. Hata mlango wa mahakama ungekuwa wazi, mlalamikaji angetakiwa kuonyesha ujumbe wenyewe, namba iliyoutuma na tarehe yake, na hayo ndiyo mwazimaji aliyoyafuta kabla ya kurudisha simu.